Seli Sita Ndani ya Kinywe

"Shusha pumzi, baba, halafu usivute nyingine mpaka nikuambie."

Mzee Mghenyi Njiku alishusha pumzi, ingawa hakuwa na nyingi ya kushusha. Alikuwa ameketi ameukumbatia mto, mgongo wazi, na mkono wa mashine ya picha ukizunguka polepole juu ya mabega yake. Daktari Nakiete Mmbaga aliisukuma sindano katikati ya mbavu mbili, macho yakiwa kwenye skrini. Pafu zima hupitika kama sifongo. Kovu halipitiki hivyo. Sindano ilipofika kwenye lile doa jeupe lililotanda kama mzizi, aliusikia ugumu mkononi, kama anayechoma soli ya kiatu.

Akavuta. Tone la damu na ukungu wa rangi ya majivu vikapanda ndani ya bomba.

"Vuta sasa. Tumemaliza."

Mzee alivuta hewa kwa mikupuo midogo midogo. Bintiye, Mwajabu, alimrudishia mpira wa oksijeni puani na kumfunika shati mabegani. Ilikuwa saa saba mchana, na huyu alikuwa mgonjwa wa tisa kwa Nakiete tangu asubuhi. Kifundo cha mkono kilimuuma. Goti lilimuuma pia, lakini hilo alikwisha kulizoea.

Hospitali ya Machimboni ilijengwa kwa ajili ya watu kama Mzee Mghenyi. Alishuka mashimoni miaka thelathini na minne kutafuta vito vya buluu, enzi wachimbaji wadogo walipokuwa bado wanateremka kwa kamba na tochi, kabla mitambo haijashika kazi yote. Mashimo yalifungwa. Vumbi halikutoka vifuani mwao. Lilikaa humo pamoja na kinywe, ule mwamba mweusi laini unaopaka kila kitu masizi, na mapafu yakajizungushia kovu juu ya kovu hadi yakakataa kufunguka.

"Miezi... kumi na mmoja nimengoja sindano hii," alisema mzee alipoweza kusema. "Mwanangu kaniuliza... nikipona nataka nini."

"Ukamjibu nini, baba?"

"Nataka... nigombane naye. Mpaka mwisho wa maneno."

Mwajabu alicheka kidogo akifunga vifungo vya shati. "Alikuwa mgomvi sana huyu, daktari. Siku hizi nikimjibu anaishia katikati, na mimi hata sifurahi kushinda."

Nakiete alitabasamu. Alikuwa amewasikia wagonjwa wakitamani kucheza ngoma, kulima, kulala chali. Anayetamani kugombana hakuwahi kumsikia.

"Majibu jioni hii," alisema. "Kaeni kivulini, wataleta uji."

*

Katika maabara aliupaka ule ukungu juu ya kioo chembamba, akautia rangi, akakiingiza kioo ndani ya Mchambuzi. Mashine hiyo, yenye ukubwa wa sanduku la nguo, ilisoma seli zote za kioo kimoja kwa dakika mbili. Jibu lake lilikuwa neno moja tu, na neno hilo ndilo lililofungua au kufunga mlango wa dawa ya pumzi.

Dawa yenyewe mgonjwa aliivuta kama mvuke, siku arobaini, na ndani yake mlikuwa na vijidudu vilivyofundishwa kula kovu na kuacha nyama hai. Watu waliobebwa kuingia hospitalini walitoka kwa miguu yao. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mapafu yenye makovu ya zamani huweza kuota saratani palepale penye kovu, na kovu hilohilo huifungia, ikakua taratibu kama mti ndani ya chungu. Ukilila kovu, umevunja chungu. Ndani ya wiki chache saratani hujaa mwili mzima. Kwa hiyo hakuna aliyepewa dawa kabla seli zake hazijasomwa.

Mchambuzi akaandika: SAFI. UHAKIKA 94.

Kilichobaki ni Nakiete kuweka dole gumba lake. Miaka ya mwanzo alikuwa akitazama kila kioo kwa macho yake kabla ya kusaini. Siku hizi alitazama kimoja kati ya vitano, na wiki nyingine kimoja kati ya kumi. Hiki alikitazama, si kwa sababu ya wasiwasi wowote. Alikuwa amekwisha kuketi mbele ya hadubini na hakutaka kuinuka, basi. Mgonjwa wa kumi alikuwa bado anavuliwa shati.

Akakisogeza kioo huku na huko bila haraka. Damu. Seli za kawaida za njia ya hewa. Seli za kovu, zilizovimba kwa hasira ya miaka mingi, jambo la kawaida. Kisha, pembeni kabisa mwa kioo, ndani ya mchirizi mweusi wa kinywe, akaziona sita zimebanana. Viini vyake vilikuwa vikubwa kupita kiasi, kingo zimekunjamana, kila kimoja na umbo lake, na zilipandiana kama watu waliokosa nafasi ya kukaa.

Alizitazama kwa muda mrefu. Akaondoa macho, akayafikicha, akatazama tena.

"Nionyeshe ulichosoma," aliiambia mashine.

Ramani ya kioo ikatokea kwenye skrini. Sehemu zilizosomwa zilikuwa za kijani. Mchirizi wa kinywe ulikuwa wa kijivu, na juu yake maandishi madogo: UCHAFU. HAUKUSOMWA. AGIZO LA 17, N. MMBAGA.

Nakiete akaegemea kiti.

Agizo hilo alilikumbuka vizuri. Miaka minne iliyopita alimpiga sindano mama mmoja aitwaye Sikudhani, mchekecha mawe. Mchambuzi alikuwa mpya wakati huo, na seli zilizokaa karibu na vumbi zilimtia kiwewe. Akapiga kelele ya saratani, Nakiete akatazama, naye akaona hivyohivyo, akasaini. Sikudhani akanyimwa dawa. Akafa kwa kukosa pumzi miezi minane baadaye, ameketi kitandani, na Nakiete alipolifungua pafu lake hakukuta saratani yoyote. Zilikuwa seli za kovu zilizochokozwa na vumbi hadi zikaiga saratani. Wiki ileile aliiambia mashine ihesabu kinywe kuwa uchafu na isisome ndani yake. Kelele za uongo zikaisha. Kila mtu alifurahi, na yeye akaanza tena kulala usingizi.

Akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake. "Tangu agizo hilo, vioo vingapi vimeandikwa safi huku vina kinywe kisichosomwa?"

340.

Vyote vilikuwa na dole gumba lake.

*

Daktari Kileo, mkuu wa hospitali, alikuwa anakula wali baridi mezani kwake huku akisoma barua. Alikuwa kijana kuliko Nakiete kwa miaka kumi na miwili, na uso wake ulionekana umezeeka kwa idadi hiyohiyo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kijiko kikiwa mkononi.

"Seli sita," alisema.

"Sita."

"Za Sikudhani zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na hazikuwa saratani."

"Hazikuwa."

Kileo akaweka kijiko chini. "Dada Nakiete, nikuulize kama daktari, si kama bosi. Hizi sita ni saratani?"

"Nadhani ni saratani. Hata za Sikudhani nilidhani hivyo."

Nje mtu alikuwa anakohoa kikohozi kile kikavu cha Machimboni ambacho wageni hushtushwa nacho na wenyeji hawakisikii tena.

"Unajua kilichotokea kituo kile kingine mwaka jana," alisema Kileo. "Mmoja alipewa dawa akiwa na saratani, akafa, na dawa ikasimamishwa nchi nzima miezi mitano. Wizara wakasema likitokea tena wataifuta. Sasa wewe unaniambia huenda wengine kama huyo wapo humu humu, katika mia tatu na arobaini. Tukisema, wanafunga. Nina watu mia mbili na kumi na wawili kwenye foleni. Kila mwezi wanakufa tisa au kumi wakingoja."

"Najua. Vyeti vyao nasaini mimi."

"Sisemi usiseme. Nataka ujue tu kwamba ukisema, wapo watakaokufa kwa kusema kwako."

"Na nisiposema wapo watakaokufa kwa kunyamaza kwangu. Tofauti ni kwamba hao nitakuwa nimewavutisha dawa kwa mkono wangu."

Kileo alipitisha kiganja usoni. "Sikuandikii cha kufanya. Sheria inasema sahihi ni yako."

"Leo ningependa mtu aniandikie," alisema Nakiete, akainuka kwa kushika meza, kwa sababu ya goti.

*

Utaratibu ulitaka mgonjwa aambiwe neno moja: safi, au si safi. Nakiete alivuta kigoda kivulini, akaketi mbele ya Mzee Mghenyi na Mwajabu, akawaeleza yote. Seli sita. Mashine isiyosoma vumbi. Aliyeikataza kusoma. Hata kisa cha Sikudhani aliwaeleza, bila kutaja jina.

Mwajabu alisimama kabla hajamaliza. "Kwa hiyo mashine imesema safi, ila wewe ndiye unayeleta maneno. Na mara ya mwisho ulipoleta maneno, mtu akafa bure."

"Ni kweli."

"Sasa unataka tukushukuru?"

"Kaa... Mwajabu," alisema mzee. Akangoja pumzi. "Yule mama... alikufa vipi?"

"Kwa kukosa hewa, baba. Miezi minane."

"Na mwenye saratani... akiivuta dawa?"

"Atapumua vizuri. Vizuri sana. Wiki sita, labda nane. Halafu itamjaa."

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa na alama nyeusi ndogondogo chini ya ngozi, kama dondoo za kalamu, mahali mawe yalipomkata zamani na kinywe kikabaki humo. "Kuna njia... ya kujua?"

"Kuchoma tena, mahali palepale, ndani zaidi. Nivute seli nyingi. Lakini pafu lako ni gumu na limekauka, linaweza kutoboka hewa ikavuja. Wengine wamefia mezani. Sikufichi."

Mwajabu alikuwa amegeuka kutazama ukuta. Mzee akamshika upindo wa khanga, akauvuta mara moja.

"Rudia," alimwambia Nakiete.

Walirudia kesho yake asubuhi. Nakiete aliingia mara nne kwa sindano nyembamba kuliko ya kwanza, na mara ya nne pafu likavuja. Alimwona mzee midomo inageuka rangi ya majivu. Akaomba bomba, akalipitisha kifuani kuitoa hewa iliyovuja. Mzee hakufa. Alilazwa siku mbili, bomba likitoa mapovu ndani ya chupa ya maji chini ya kitanda.

Nakiete hakukipeleka kioo kile kwenye Mchambuzi. Alikitazama mwenyewe, kisha akamwita Kileo naye akatazama. Hazikuwa sita tena. Zilikuwa mamia, vikundi kwa vikundi, nyingine zimejipanga mviringo kama zinazojaribu kujenga tezi na kusahau namna. Hapakuwa na la kubishana.

"Ilikuwa kweli," alisema Kileo kwa sauti ndogo, na hakuna kati yao aliyeonekana kufarijika.

Nakiete alimpelekea mzee habari, akamkuta ameketi kitandani, Mwajabu akimlisha chungwa kipande kwa kipande.

"Ni saratani, baba. Bado ndogo. Ipo ndani ya kovu, haijatoka."

Mzee alitafuna polepole, akameza. "Kwa hiyo ile dawa..."

"Hapana."

"Wiki sita... ulisema. Za kupumua." Alivuta hewa. "Wiki sita ni nyingi, mwanangu. Nipe."

Nakiete alikuwa amelitarajia ombi hilo. "Siwezi."

"Huwezi... au hutaki?"

"Vyote viwili. Hospitali ya mkoa wana sindano ya kugandisha. Inaingia kama yangu ilivyoingia, inaigandisha saratani mpaka inakufa. Kwa kuwa ni ndogo, inawezekana. Ikipita nusu mwaka haijarudi, nitasaini upewe dawa."

"Nusu mwaka," alisema mzee, na wote watatu wakaisikiliza pumzi yake, jinsi ilivyopanda na kushuka, wakikadiria.

"Ungenyamaza tu," alisema Mwajabu, si kwa hasira sasa. "Angepumua. Tungejua mwishoni."

"Ndiyo."

"Na wewe ungelala."

"Mimi ningelala," alikubali Nakiete.

Mzee alifungua mdomo kupokea kipande kingine cha chungwa. Alipokimaliza alisema wampeleke mkoani, lakini si Jumatatu, kwa sababu Jumatatu gari la wagonjwa huendeshwa na mtu asiyejali mashimo.

*

Alasiri hiyo Nakiete alilifuta Agizo la 17. Kisha akaandika barua kwenda wizarani, mistari sita, akaitia sahihi yake mwenyewe na kumpelekea Kileo nakala. Kileo aliisoma akiwa amesimama. Alichukua kalamu na kuweka jina lake chini ya la Nakiete.

Asubuhi iliyofuata dawa ilikuwa imefungwa kwa amri ya wizara. Watu walikwisha kufika tangu alfajiri, wamejaa kwenye mabenchi na mitungi yao ya oksijeni miguuni. Muuguzi alijitolea kwenda kuwaambia. Nakiete akakataa.

Alisimama mbele yao na kuwaeleza kwamba kuna kosa, kwamba kosa ni lake, kwamba hakuna atakayepewa dawa mpaka vioo vya zamani visomwe upya kwa macho ya mtu. Hakuna aliyepiga kelele. Wengi wao hawakuwa na pumzi ya kupigia kelele.

"Vioo vingapi?" aliuliza mama mmoja wa mstari wa mbele.

"Mia tatu na arobaini."

"Unasoma vingapi kwa siku?"

"Thelathini. Nikiacha kazi nyingine zote."

Mama yule akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na mbili."

"Halafu wizara iamue. Sijui wao watachukua muda gani."

Mwanaume mzee nyuma yake, mwenye macho mekundu, alimtazama Nakiete kwa muda. "Mimi kumi na mbili naweza," alisema. "Zaidi ya hapo siahidi. Kasome."

Akaingia ndani, akaketi, akachukua kioo cha kwanza.

Alisoma siku kumi na tatu, kwa sababu siku ya nane macho yalikataa. Kati ya mia tatu na arobaini, vitano vilikuwa na seli mbaya ndani ya kinywe. Wawili kati ya wenye vioo hivyo walikwisha kufa, na kwenye vyeti vyao vya kifo alikuwa ameandika nimonia yeye mwenyewe. Watatu walikuwa hai. Katika muda huo walikufa watu sita wa kwenye foleni. Yule mwenye macho mekundu hakuwa mmoja wao. Mama aliyehesabu kwa vidole alikuwa mmoja wao. Mzee Mghenyi aligandishwa mkoani Jumatano, akarudi nyumbani, na Mwajabu akatuma ujumbe kwamba yu hai na amenuna.

Kileo alisema hao watatu waitwe hospitalini kwa simu. Nakiete akachukua gari.

*

Wa kwanza alikuwa Ombeni Nnko, miaka arobaini na sita, aliyemaliza dawa wiki tatu zilizopita. Nyumbani kwake walimwelekeza uwanja wa shule ya msingi. Nakiete alimkuta katikati ya uwanja, amevaa bukta nyeusi, filimbi mdomoni, akichezesha mechi ya watoto wa darasa la sita. Alikuwa anakimbia. Mpira ulipokwenda goli la mashariki alikwenda nao, ulipopigwa kurudi aligeuka na kurudi nao, na mtoto mmoja alipomlalamikia alimjibu palepale bila kupunguza mwendo.

Karatasi zake Nakiete alizijua kwa moyo. Kabla ya dawa mtu huyu alipumzika mara tatu kati ya kitanda na mlango.

Angeweza kumpungia mkono aje. Mwalimu aliyekuwa pembeni alijitolea kumwita. Nakiete akauliza zimebaki dakika ngapi, akaambiwa ishirini na tano.

"Mwache amalize," alisema.

Akatafuta jiwe, akaketi, akanyoosha goti. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Alijaribu kupanga maneno atakayoanza nayo, akayapanga mara nne, na kila mara filimbi iliyavuruga. Mwishowe akaacha kuyapanga, akatazama mechi. Timu ya waliovaa fulana ilifungwa mabao mawili, moja la kuotea, na Ombeni akalikataa akiwa amekimbia hadi kwenye mstari kulihakikisha.

Alipopuliza ya mwisho watoto walitawanyika. Alimwona Nakiete na kuja moja kwa moja, uso umelowa jasho, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu yeyote aliyetoka kukimbia.

"Daktari," alisema. "Umekuja mpaka huku kunitazama?"

Akacheka. Kisha akamwangalia usoni, na kicheko kikapungua taratibu mpaka kikaisha. Akaitoa filimbi shingoni, akaishika kiganjani.

"Keti, kaka Ombeni," alisema Nakiete, akasogea kumpa nafasi juu ya jiwe. "Nina neno la kukuambia, na nitakuambia lote."